Udhaifu wa mapaja na uchovu baada ya kuacha prednisoloni

Mama wa Wete
Assalaamu alaykum. Nilitumia prednisoloni kwa miaka kadhaa kwa ajili ya baridi yabisi, na daktari wangu alinipunguzia kidogo kidogo mpaka nikaacha kabisa kabla ya Ramadhani. Uso umerudi katika umbo lake na usingizi umekuja, alhamdulillahi, lakini mwili hauna nguvu. Nikisujudu siinuki mpaka nijiegemeze kwa mikono yote miwili juu ya mkeka, na alasiri ikifika huwa sina hata hamu ya kusema na mtu. Mabega na magoti nayo yanauma. Nyumbani wanasema nimezoea kulala. Je, ni maradhi yenyewe yanayorudi, au ndivyo mwili unavyotoka katika dawa hizi?

Muuguzi mstaafu, Chake Chake
Wa alaykumu ssalaam, dada yangu, na pole sana. Hao wa nyumbani waambie wasifanye haraka kukuhukumu. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza kortisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari ya damu, na ambayo huongezeka mtu anapougua au kuumia. Prednisoloni hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo ubongo, ukiona inaingia kutoka nje kila siku, huacha kuiamrisha tezi, nayo hulala na kusinyaa. Kiasi ambacho mwili hujitengenezea kwa siku hukadiriwa kuwa sawa na miligramu 5 hivi za prednisoloni, ndiyo maana wengi hushuka kutoka 40 hadi 10 bila ya tabu kubwa, kisha wakahangaika katika hizo za mwisho. Tezi huamka kwa miezi, mara nyingi 6 hadi 12, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo.

Mapaja ni jambo jingine. Dawa hizi hudhoofisha misuli, hasa ya mapaja, nyonga na mabega, na misuli hiyo hairudi kwa kupumzika. Keti juu ya kiti kigumu, simama bila ya kutumia mikono, kisha keti tena polepole, asubuhi na jioni, kadiri unavyoweza. Kiti kikikushinda, kiongeze urefu kwa mto. Kula samaki, mayai na choroko, maana misuli haijengwi kwa wali na chai. Dagaa wanaoliwa na miba yao wana kalsiamu, na mifupa yako inaihitaji.

Maumivu ya kuachana na dawa huwa ya mwili mzima, mfano wa mtu anayeanza homa, bila ya uvimbe. Ukiona vidole vimevimba, vina joto, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi, hayo yanaelekea kuwa maradhi yenyewe. Rudi kwa daktari, usivirudie vidonge vilivyobaki kabatini. Umwombe pia kipimo cha kortisoli, damu itolewe kama saa 2 asubuhi, wakati ambapo homoni hii huwa juu.

Mwana wa Makunduchi
Naongeza moja tu. Jihadhari na unga wa dawa ya maumivu ya viungo unaouzwa bila ya lebo. Dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zimetiwa deksamethazoni, ambayo ni ya jamii moja na prednisoloni lakini kali zaidi. Mtu hupata nafuu ya haraka, kumbe amerudi alikotoka.

Mama wa Wete
Ahsanteni sana. Nadaiwa siku za Ramadhani na nilikusudia kuzilipa mwezi huu. Je, nifunge?

Muuguzi mstaafu, Chake Chake
Usianze mpaka daktari akisome kipimo. Mgonjwa ana ruhusa, na deni lina wakati wake. Tezi ikiwa bado imelala, kushinda bila ya maji wala chakula huweza kukushusha presha na sukari. Na ukipata homa kali, kuharisha au ajali, mwili utahitaji kortisoli nyingi kwa ghafla na hautakuwa nayo. Ukitapika mfululizo, ukashikwa na kizunguzungu au ukaanza kuchanganyikiwa, wakupeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na neno la kwanza waseme kwamba ulitumia prednisoloni kwa miaka. Tiba yake ni sindano ya haidrokotizoni na dripu, na haingojei majibu ya maabara. Liandike hilo katika karatasi uiweke pamoja na kitambulisho chako, na umwonyeshe hata daktari wa meno kabla hajakung'oa jino.