Crown Athlete 2.5 (4GR-FSE): injini mbovu au tunaziua wenyewe?

Kipanga_Tegeta: Wakuu, kuna Toyota Crown Athlete GRS180 ya 2006, injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, inauzwa hapa Dar. Dashibodi inasoma kilomita 98,000, karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoonyesha hali ya gari na kilomita, haipo. Wapo wanaosema 4GR ni injini ya kulia nayo, wapo wanaosema ni Toyota, itakuzika. Wanaozijua, ukweli ni upi?

Sindano6: Chuma chenyewe ni kigumu, kina cheni, si mkanda. Ugonjwa ni kaboni. Nozo zake zinapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli kamwe. Mvuke wa oili unagandia mgongoni mwake mpaka unakuwa mkaa. Dalili: asubuhi inatetemeka sailensi (injini inaunguruma, hujakanyaga mafuta), inamisi, taa ya injini inawaka, kompyuta inasoma P0300, kodi ya kumisi. Watu wanabadilisha plagi sita na koili sita, na mtetemo uko palepale.

Dawa ni kufungua manifodi ya hewa, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda. Zungusha kranki mpaka valvu za silinda unayoisafisha zifunge kabisa, mimina dawa ya kaboni, iache iloweke, sugua kwa brashi ya plastiki, fyonza kila punje, ndipo uhamie silinda nyingine. Valvu ikiwa wazi, ule mkaa unadondokea ndani na kukwaruza silinda. Dawa ya kumwaga kwenye tangi haifiki hapo.

Mkude_V8: Basi achukue Athlete ya 3.5. Ingawa nayo si ni nozo hizohizo?

Sindano6: Hapana mkuu. 2GR-FSE ni D-4S, ina nozo 12: sita ndani ya silinda, sita kwenye njia ya hewa. Hizo za nje ndizo zinazoosha valvu.

BenziDamu: Shida zote hizi za nini? Ongeza hela uchukue Mercedes E-Class W211, ndilo gari la heshima.

Bi_Rejeta: W211 ya kabla ya mabadiliko ya 2006 ina breki za SBC, zinazoendeshwa kwa umeme. Pampu yake inahesabu mara ulizokanyaga, na hesabu ikitimia inawasha onyo jekundu, hata kama haijaharibika. Usimtoe mwenzio kwenye kaboni ukamtumbukiza huko.

V6_Nairobi: Mnazunguka tu. Huku kwetu GRS180 haziingii tena kwa sababu ya sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo tunazo zilizopitia mikono mingi, na kinachoziua ni fundi wa chini ya mwembe. Akiona oili nyekundu, kwake zote ni moja: anamimina Dexron kwenye gia boksi inayotaka WS, oili maalumu ya Toyota, halafu gari linapiga teke likiingia gia ya pili, anakwambia nunua gia boksi.

Fundi_Gerezani: Ndugu wa Nairobi, hilo neno lifute. Mteja ndiye anayekuja na galoni lake la bei chee mkononi. Na ukimwambia 4GR inameza lita 6 na kidogo za oili ya injini, anakuona mwizi, anataka umwekee galoni la lita 4 na kopo la lita 1. Cheni ikianza kupiga kelele, lawama kwa fundi.

Gia boksi hiyo haina kijiti cha kupimia, kwa hiyo kazi ina utaratibu. Gari likae sawa, magurudumu yote manne. Anza kulegeza kizibo cha kujazia, kile cha ubavuni, KABLA ya kumwaga chochote. Kikigoma, hujaharibu kitu. Ukimwaga zitatoka kama lita 3, nyingine zinabaki kwenye konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi. Rudisha kiasi kilekile kwa WS, washa, pitisha gia zote, oili ifike nyuzi 40 hivi, ndipo ufungue kizibo cha kukagulia chini ya sampo, lile beseni la oili. Ikitiririka kama uzi, subiri. Ikibaki matone, funga.

Mkude_V8: Lakini Toyota wanasema WS haibadilishwi maisha yote.

Fundi_Gerezani: Ya foleni na joto la Dar? Chovya kidole uinuse. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hayo maisha yameshaisha.

Bi_Rejeta: Ila usiipitishe kwenye mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo. Gia boksi ya kilomita 200,000 ambayo haijaguswa, uchafu unaong'oka unaziba valvu bodi, ile inayogawa oili ya kubadilisha gia. Mwaga, jaza, tembea kilomita 1,000, rudia. Mara tatu inatosha.

V6_Nairobi: Mashine haina kosa ikiwa sampo ilifunguliwa kwanza, filta na sumaku zikasafishwa. Kurudia mara tatu ni kununua lita 9 na bado hujatoa ya zamani yote.

Kipanga_Tegeta: Wakuu, hizo kilomita 98,000 nazithibitishaje?

Sindano6: Tazama mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Vikiwa vimelika mpaka vinang'aa, hizo si 98,000. Kisha omba uikute injini ya baridi, haijawashwa tangu jana. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, rudi kesho yake. Chungulia na pampu ya maji: ukiona ukoko wa waridi uliokauka, inavuja.

Fundi_Gerezani: V6, hiyo filta unajua ni ya bati na inaoshwa tu? Nani aliyekuambia kaboni ya klachi za gia boksi, ule unga wa kulika kwake, inaisha kwa kuosha filta? Jibu hilo kwanza.