Naomba ushauri: mtoto mchanga ana uvimbe shingoni tangu kuzaliwa

Habari zenu wapendwa. Mpwa wangu amejifungua mtoto wa kike mwenye uvimbe upande wa kushoto wa shingo, mlaini kama puto la maji. Daktari aliumulika kwa tochi, mwanga ukapenya, akasema ni wa mirija ya limfu (inayopitisha majimaji ya mwili), si saratani. Ultrasaundi imeonyesha vifuko vingi, vingine vikubwa. Ananyonya vizuri na anapumua bila shida, tunamshukuru Mungu.

Tumeelezwa njia mbili: kuchoma dawa ya bleomaisini ndani ya vifuko ili visinyae, au upasuaji akikua kidogo. Sindano huenda ikarudiwa mara kadhaa. Upasuaji nao unaweza kujeruhi neva za uso. Aliyepitia, mlichagua ipi, na uvimbe ulirudi? Je, MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ni lazima kwanza? Inanitia hofu kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Kuna mama mtaani anashauri uchuliwe na kutobolewa. Hilo tumelikataa kabisa, maana ukipata maambukizi au damu ikivujia ndani unaweza kuvimba ghafla na kubana njia ya hewa.

Tupo Dar. Mwenye kumfahamu daktari bingwa wa upasuaji wa watoto anielekeze tafadhali.