"Shuka shirika": ni shirika gani hilo hapa Kibaha?

Wakuu, nimehamia Kibaha mwezi uliopita, kodi za Dar zimenishinda. Kila nikiuliza njia naambiwa "pale shirika". Shirika gani?

JIBU: Karibu, mkuu. Ni Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki (za Ulaya Kaskazini, kama Sweden na Norway) zilikubaliana na Tanganyika, wakajenga sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 wakaikabidhi serikali. Kwa hiyo huu mji, tofauti na mingine, haukuanzia sokoni. Ulianzia darasani, ndiyo maana mpaka leo umepoa hivi. Mimi nimekulia Tumbi, mzee wangu alikuwa akihudumia kuku wa shirika. Tukitoka shule tunaingia kwenye mikorosho kula mabibo, tunarudi mashati yana madoa yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Fimbo za mzee nazikumbuka!

JIBU: Umepoa kwenu Tumbi. Njoo Maili Moja jioni, daladala zikishusha watu.

MUULIZAJI: Hapo kweli. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, nashuka Kimara nidandie mwendokasi. Mabibo bado yapo?

JIBU: Yapo, ila mashamba mengi sasa ni viwanja. Subiri msimu.