Sevisi ya kiyoyozi: mara moja kabla ya kaskazi, au mara mbili kwa mwaka?

Mkaazi wa Jambiani
Assalaam alaykum. Nyumba yetu inatazama bahari, na tuna viyoyozi viwili vya ukutani. Kwa kawaida tunamwita fundi mara moja tu, mwezi wa Novemba, kabla joto la kaskazi halijashtadi. Fundi mwingine anatushauri tufanye mara mbili, Aprili na Novemba, ilhali jirani yetu anaosha mwenyewe na hamwiti fundi mpaka mashine igome. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie njia hizi tatu.

Fundi wa Kiembesamaki
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kwa nyumba ya Jambiani nashikilia mara mbili, na sababu iko kwenye mashine ya nje. Ndani yake mna mirija ya shaba iliyopitishwa katika mabati membamba ya alumini, na metali hizo mbili zinapokutana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa; ukiigusa kwa kidole utaona inapukutika unga mweupe. Upande wenu wa mashariki hupigwa na upepo wa bahari wakati wa kusi na wakati wa kaskazi pia, kwa hiyo chumvi haina msimu wa mapumziko. Mashine ikiwa imefungwa upenuni, hata mvua ya masika haiifikii kuisuza.

Mama wa Chake Chake
Fundi, kwa pwani nakubaliana nawe, lakini sisi tulio mbali na bahari mara moja inatutosha, alimradi mwenye nyumba asiliache chujio. Wakati wa kaskazi mimi nalitoa kila baada ya wiki mbili, naliosha kwa maji na sabuni kidogo, nalianika kivulini mpaka likauke kabisa, kisha nalirudisha. Chujio likiziba, hewa haipiti, ubaridi hupungua na umeme huliwa zaidi. Likizidi kuziba, mirija ya ndani hufanya barafu. Maji yakianza kudondoka ukutani, mara nyingi ni bomba la kutolea maji lililozibwa na utando wa uchafu, na hapo sisubiri Novemba, namwita fundi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe
Kaka wa Jambiani, utakayemchagua, muulize kwanza habari ya gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Inazunguka humo humo miaka yote. Fundi anayeongeza gesi kila sevisi bila ya kutafuta inapovuja anakutoza kwa kazi ambayo haijafanyika. Zaidi ya hayo, mashine nyingi mpya hutumia gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto, basi si ya kuchezewa na mtu asiyeifahamu. Ndiyo maana njia ya jirani yako naiona ni nusu ya njia: kuosha chujio ni kazi ya mwenye nyumba, lakini gesi, kapasita (kile kifaa cha umeme kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) na viungo vya nyaya vina wenyewe.

Mkaazi wa Jambiani
Ahsanteni sana. Nimeridhika na mara mbili, na chujio tutaliosha wenyewe. Fundi, katikati ya sevisi naweza kuisuza mashine ya nje? Kisima chetu kina maji ya chumvi.

Fundi wa Kiembesamaki
Unaweza, na kwa mahali penu ningependa ufanye hivyo kila mwezi, lakini si kwa maji ya kisima hicho, kwani utakuwa unaongeza kile unachokiondoa. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Zima umeme kwenye swichi kuu, usielekeze maji kwenye kisanduku cha nyaya, na mimina taratibu kwa mpira wa kawaida; pampu ya kuoshea magari huyalaza yale mabati na hewa ikakosa pa kupita. Iache ikauke ndipo uiwashe.