Mrejesho: Sikumrudia

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliwauliza kama nimrudie yule kaka niliyeacha chuo cha ufundi nikamfuata Mwanza, miaka minne bila hata barua ya posa.

Sikumrudia. Niko Mbagala kwa mama. Majuto bado yapo, hasa usiku. Naililia ile miaka kuliko ninavyomlilia yeye. Ila nimejiandikisha upya VETA, ushonaji, na jioni napunguza suruali za majirani kwa cherehani ya mama, ile ya kukanyaga. Suruali moja 2,000, nusu naitia kwenye kibubu. Nataka cherehani yangu kabla sijafika miaka 27.

Dada uliyeniambia nianze na kesho asubuhi tu, asante sana.

Jana yule kaka kanipigia. Sikupokea, nilikuwa nakunja pindo.