Krismasi imegeuka kodi ya ukoo. Mwaka huu sitoi hata shilingi

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzi huu usiunganishwe na zile za salamu za sikukuu. Leo sina salamu, nina hasira.

Niko Masasi, kijijini, upande wa kwenda Ndanda. Jana usiku kundi la ukoo la WhatsApp limetangaza: kila kaya 80,000 ya sherehe ya tarehe 25, na juu yake 35,000 kwa kila mtu mzima ya kitenge cha sare. Kuna turubai, viti, spika, mshereheshaji, keki ya ngazi tatu na mpiga picha. Asiyelipa mpaka tarehe 15 jina lake litasomwa mbele za watu siku hiyo hiyo. Yaani siku ya kuzaliwa Bwana mtu anasomewa deni!

Mimi na mke wangu hiyo ni 150,000. Mlioko mbali na Kusini mnaweza kuiona ndogo. Huku kwetu hela ni moja kwa mwaka, ya korosho. Unapulizia salfa, unaokota kuanzia Oktoba, unapeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika, unangoja mnada, mnada ukipita unangoja benki. Ikiingia ndiyo hiyo mpaka msimu mwingine. Na inaingia muda huu huu wa kuelekea sikukuu. Wenye maduka wanalijua hilo, wenye turubai wanalijua, na sasa ndugu zetu wenyewe wamelijua. Wakati huo huo mvua zinaanza, shamba linataka mbegu na vibarua, Januari watoto wanataka viatu na madaftari. Aliyemaliza zote kwenye sherehe anakopa kabla hata mikorosho haijatoa maua, halafu Oktoba korosho zake zinaishia kwenye bakuli la kangomba, wale wanunuzi wa mlango wa nyuma, kwa bei ya kutupa, hazifiki ghalani. Nimeliona hilo kwa binamu yangu wa damu. Wasiniambie ni uvivu.

Mwaka jana nilitoa, nikanyamaza. Nikaenda nikaona. Walinunua mti wa plastiki mjini wakaubandika pamba, eti theluji. Hatua ishirini kutoka pale umesimama mkrismasi wa marehemu babu, umewaka mwekundu kuanzia juu mpaka chini kama unavyowaka kila Desemba, bure, na hakuna aliyegeuza shingo kuutazama. Kijana wa watu wakamvalisha joho la Baba Krismasi lenye manyoya, vazi la nchi za baridi, saa saba mchana, jua la Masasi. Akapata kizunguzungu, tukamlaza chini ya mwembe tunamwagia maji. Mpiga picha anaendelea kupiga!

Sasa chakula. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Enzi za babu tulitoka kwenye misa ya mkesha tukiwa na taa ya chemli mbele. Asubuhi kuku wawili wa nyumbani, wali wa nazi, ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha, maembe ya mtini. Basi. Kabla sisi wenyewe hatujagusa, bibi anapakua sahani, anafunika na kitambaa, anatutuma kwa majirani, wengi wao Waislamu. Na sahani hairudi tupu. Mwenyewe anakurudishia na korosho za kukaanga, au maembe, au kipande cha papa. Ikifika Idi, mzunguko unaanzia kwao unakuja kwetu. Sisi watoto tulijua nyumba za kijiji chote kwa sahani: ile ya maua ya bluu ni ya mama fulani, ile ya bati iliyobonyea ni ya mzee fulani.

Mwaka jana chakula kilipakiwa kwenye vile vifungashio vyeupe vya chipsi, na vijiko vya plastiki. Jirani akiletewa hana cha kurudisha. Anakula, anatupa, yameisha. Tumeokoa kuosha vyombo, tumepoteza ujirani.

Tarehe 26 uwanja ulikuwa mweupe kwa vifungashio. Chupa za maji zilizonywewa nusu, mapulizo yaliyopasuka, wali umemwagwa unachacha juani, mbwa wameshiba wameuacha. Wakachimba shimo nyuma ya jiko wakachoma. Moshi wote ukaingia chumbani kwa bibi, ambaye kifua kinamsumbua, akakohoa usiku kucha. Siku mbili baadaye mvua ikashuka, vilivyobaki vikasombwa mpaka korongoni tunakochota maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Sasa taka nyingine za plastiki tunazilipia mchango.

Leo asubuhi nimempigia mjomba mkubwa. Mnajua huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, si mtu wa kujibizana naye. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu kwamba sitoi hela. Nitaleta jogoo wawili, mchele kilo kumi, nazi, na sahani za bibi ambazo bado ziko kabatini, nitaziosha mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, unataka ukoo uchekwe?"

Uchekwe na nani, mjomba? Na wale wale wenye njaa Februari kama sisi?

Kwenye kundi nimeshaitwa mchoyo, nimeshaitwa mtu anayetawaliwa na mke. Mke wangu analia, anasema nilipe tu yaishe. Silipi. Na jina langu walisome, nitakuwa nimekaa mbele kabisa.

Ninachotaka kutoka kwenu ni kimoja. Walioko Newala, Nachingwea, Lindi mjini, popote ambako ukoo umewahi kukubali kurudi kwenye chakula cha nyumbani bila turubai wala sare: nani alianza kuongea, na mlipitia kwa nani? Kwa bibi? Kwa katekista? Tarehe 15 inakuja na nimebaki peke yangu.