Naomba ushauri: MX-5 ya uwanjani kwa vipuri vya kujitengenezea, nianze na kipi na kipi nikiache?

MwendoMwepesi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii.

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za kuchomoza, injini ya lita 1.6. Siku hizi haigusi barabara, ni ya uwanja wa mbio tu. Zulia, stepni, redio na kiti cha abiria nimeshavitoa. Tairi ni 195/50 za inchi 15. Nguvu ya injini sina haja ya kuiongeza. Gari hili nalipenda kwa sababu ni jepesi, halifiki tani, na kona linaiingia kama ulivyoamua. Ninachotaka ni likae uwanjani nusu saa nzima bila kulegea.

Shida ni mbili kwa sasa. Baada ya mizunguko michache ya kasi pedeli ya breki inaanza kuzama, gari likipoa inarudi sawa. Na siku za jua kali joto la maji linapanda mpaka nalazimika kupunguza mwendo.

Vifaa ninavyo: mashine ya kuchomelea ya MIG, grinda, drili ya kusimama. Mashine ya kukunjia mabomba sina. Nimepanga kujitengenezea njia za hewa za kupoza breki, mabati ya kuzungushia radieta, splita ya mbele ya plaiwudi (ubao wa chini ya bampa wa kugandamiza pua ya gari kwa upepo), amu za chini za mbele (mikono inayounga gurudumu na chasisi) za bomba badala ya zile za kiwandani, na rolibaa (upinde wa chuma wa kumlinda dereva gari likipinduka). Kutengeneza kwa mikono yangu ni sehemu kubwa ya raha ya gari hili, kwa hiyo "kanunue" iwe jibu la mwisho, tafadhali. Nianze na kipi? Na kuna kipi nikiache kabisa?

MzeeWaDiski

Mkuu, kabla hujakata bati lolote, badilisha mafuta ya breki.

Pedeli inayozama ikiwa moto na kurudi ikipoa ni mafuta yanachemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, ndiyo maana mguu unaenda chini na gari halisimami. Ingekuwa pedi zimezidiwa, pedeli ingebaki ngumu lakini breki isingeshika. Tofautisha hizo mbili, maana dawa zake ni tofauti.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 4 mapya, kwa kiwango chake, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Umeona pengo hilo? Tafuta mafuta ya mbio, mengi yake yanavuka 300 yakiwa mapya, na uyabadilishe mara kwa mara. DOT 5 usiguse, hiyo ni silikoni na haichanganyiki na ulichonacho. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo haina shida.

Baada ya hapo ndipo utengeneze njia za hewa, na hicho ni kipuri kizuri kabisa cha kuanzia. Wengi wanakosea mahali pa kupeleka hewa. Wanaielekeza kwenye uso wa diski, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki moto, diski inapata mkazo na kupasuka. Diski za mbele za gari lako zina matundu katikati ya nyuso mbili, na zikizunguka zinavuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje. Kwa hiyo peleka hewa kitovuni. Kata bati la alumini la kufunika nyuma ya diski, uliache wazi pale katikati tu, kisha unga bomba la silikoni lenye waya ndani, la milimita 63 au 75. Mdomo wake uwe kwenye bampa, mahali upepo unapogonga moja kwa moja. Ukishafunga, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa limeshuka kwenye springi, uone kama tairi linagusa.

BintiFundi

Nami niseme la joto, kwa sababu kwenye injini hizi lina asili yake.

Injini yako ni ya ukoo wa Mazda 323. Kwenye magari yale ilikaa kwa ubavu, na maji yalitokea mwisho wa silinda hedi ulio mbali na pampu. Ilipogeuzwa na kukaa kwa urefu ndani ya MX-5, tundu la kutokea likahamishiwa mbele, upande uleule wa pampu. Maji yanaingia mbele na kutokea mbele, na silinda ya nne huko nyuma inapata mtiririko mdogo kuliko wenzake. Kwa gari la barabarani hilo halina madhara. Uwanjani, mzunguko baada ya mzunguko, linaonekana.

Dawa yake inajulikana: ziba tundu la mbele, toa maji nyuma ya hedi, themostati (vali inayofunguka kwa joto la maji) uihamishie huko, kisha uyalete mbele kwenye radieta kwa bomba refu. Kazi hiyo unaiweza kwa vifaa vyako.

Ila usianze nayo. Anza na mabati ya radieta. Hewa hufuata njia rahisi, na ikiona mwanya pembeni, juu au chini ya radieta itapita hapo na kuiacha radieta. Ziba kila mwanya kati ya mdomo wa bampa na radieta kwa bati la alumini, kingo uziwekee sponji ngumu. Hakikisha pia lile bati la chini ya injini lipo. Watu hulitoa kupunguza uzito, kumbe ndilo linalosaidia hewa ya moto ivutwe itoke chini. Bati likichomoka, umepoteza bati. Ndiyo maana napenda hizi zitengenezwe nyumbani.

Mtaimbo

Amu tengeneza, ndugu, usiogope. Magari mepesi yalizaliwa kwa kazi za namna hii. Colin Chapman alijenga gari lake la kwanza mwaka 1948 kwa kutumia Austin Seven kuukuu, na Lotus Seven ya mwaka 1957 iliuzwa vipande vipande, mnunuzi anaunganisha mwenyewe nyumbani. Bomba zuri, jigi (fremu ya kushikilia vipande wakati wa kuchomelea) isiyoyumba, weldi iliyozama vizuri, itakaa.

ChumaBaridi

Mtaimbo, historia hiyo ni ya kweli. Lakini waliokuwa wanaunganisha Seven nyumbani walifunga vipande vilivyokwisha kuchorwa na kukokotolewa. Tuzungumze mzigo wenyewe.

Chukua gari pamoja na dereva kama tani moja. Kwenye breki kali, pale gari linapopunguza mwendo kwa kiasi cha 1 g (sawa na mvuto wa dunia), tairi za mbele zinafanya karibu asilimia 70 ya kazi. Kila tairi la mbele linavutwa nyuma kwa nguvu ya kama kilo 350. Sasa wengi wanadhani hiyo 350 inagawanyika kati ya amu ya juu na ya chini. Haigawanyiki. Kalipa imefungwa kwenye kile kipande kinachoshika beringi ya gurudumu, na kipande hicho kinataka kujizungusha pamoja na gurudumu. Amu mbili ndizo zinazokizuia, moja ikisukumwa mbele na nyingine nyuma. Tuseme boljointi (kiungo kinachounga amu na kipande hicho) ya chini iko sentimita 18 kutoka ardhini na ya juu iko 40 (hivi ni vya mfano, vya gari lako vipime). Amu ya chini inapata 350 mara 40 gawanya kwa 22, yaani kama kilo 640. Karibu mara mbili ya nguvu iliyopo kwenye tairi. Na hapo barabara ni laini, hujapanda ukingo wa kona huku umekanyaga breki.

Kuna la pili. Kwenye MX-5 shokapu na springi vinakaa juu ya amu ya chini. Kwa hiyo amu hiyo haivutwi na kusukumwa tu, inapindishwa pia kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukitaka kuijenga kwa bomba lazima ujue mkono wa shokapu unashukia wapi na bomba linapinda kiasi gani hapo. Na ukiweka rodi endi (kiungo chenye mkia wa nyuzi kama bolti) mahali pa boljointi, nyuzi zake ndizo zitakazopinda kila ukikanyaga breki. Nyuzi za bolti ni mahali pabaya kuliko pote pa kupinda, kila mfereo ni mwanzo wa ufa.

Halafu chuma huchoka. Amu inaweza kukaa msimu mzima, kila ukiitazama ni nzima, kumbe ufa unatembea pembezoni mwa weldi, pale joto lilipobadilisha chuma. Siku ya kukatika itakatika kwenye breki nzito zaidi, mwisho wa njia iliyonyooka, kwa kuwa hapo ndipo mzigo ni mkubwa zaidi. Gurudumu litalala nyuma na usukani hautakuwa na kazi.

Kila kipuri unachotaka kutengeneza, jiulize kwanza: kikivunjika nikiwa kwenye mwendo wa juu kabisa, nini kinatokea? Jibu likiwa "joto litapanda" au "nitapoteza bati", tengeneza kwa raha zako. Likiwa "gurudumu litatoka", nunua, au kaa na mtu mwenye hesabu na uwezo wa kupima nyufa.

MwendoMwepesi

Nimekuelewa, kaka. Amu nilizitaka kwa sababu ya kamba, yaani ule mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Zile za kiwandani naona hazinipi ya kutosha, bega la tairi la nje linalika.

ChumaBaridi

Basi huhitaji amu. Ndani ya amu za chini kuna bolti zenye vichwa vya kuzungusha kwa ajili ya kamba na kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukilitazama gari kwa ubavu). Gari likishushwa kidogo, bolti hizo zinakufikisha karibu digrii 2 hasi mbele, hata kuzidi. Bushi (mipira ya kwenye viungo vya amu) zikiwa zimekufa vipimo havitakaa, kwa hiyo anza na bushi mpya ngumu.

Ukitaka kutengeneza kitu hapo, tengeneza fremu ya kupimia alaimenti: mirija miwili ya alumini, mmoja mbele na mmoja nyuma ya gari, na uzi uliokazwa kila upande, sambamba na mstari wa katikati ya gari. Kwa rula ya chuma unasoma tou ya kila gurudumu (linavyoelekea ndani au nje) hadi nusu milimita. Nakuhakikishia kifaa hicho kitakupa sekunde nyingi kuliko amu.

Mtaimbo

Hesabu ya kilo 640 nimeirudia kwa vipimo vya gari langu na imetoka karibu sawa. Amu nakubali, aache. Ila kwenye rolibaa msimkatishe tamaa, kuchomelea anajua.

Helmeti45

Kuchomelea peke yake hakutoshi, mkuu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. MX-5 haina paa. Likipinduka, kilichopo juu ya kichwa ni hicho chuma tu.

Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), Kiambatisho J kifungu cha 253, zinataka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mikunjo ikunjwe baridi, na nusu kipenyo cha kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kila mguu ukae juu ya bati la kuimarisha la unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba, kwa bolti zisizopungua M8 za daraja la 8.8.

Bomba la maji halina nafasi hapa. Lina mshono, chuma chake ni laini, na zinki yake ikichomelewa inatoa moshi wa sumu. Na bila mashine nzuri ya kukunjia, bomba litabonyea kwenye kona, nguvu yote inaishia hapo. Mwulize pia mwandaaji wa siku zako za uwanja anakubali nini, maana wengi hukagua.

Kipimo unachoweza kufanya leo: kaa kwenye kiti ukiwa na helmeti, umejifunga mkanda, mtu aweke ubao ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti ikae chini ya ubao kwa sentimita 5 hivi. Isipotosha, shusha kiti kwanza. Kazi ya kushusha kiti ni yako na unaiweza.

UpepoWaMbele

Splita hamjaigusa. Plaiwudi ya milimita 12 inafaa, paka epoksi hasa kwenye kingo, maji yakiingia inavimba na kuachana. Isishikwe na bampa, bampa ni plastiki. Ifungwe kwenye chasisi kwa mabano ya chuma. Ukimaliza, panda juu yake usimame. Ikikubeba bila kulalamika, sawa. Ikivunjika uwanjani inaingia chini ya tairi za mbele, kwa hiyo kwa swali la ChumaBaridi hii inakaa katikati.

Jambo kubwa ni mizani. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo, ukienda kasi mara mbili inakuwa mara nne. Ukiongeza mgandamizo mbele pekee, kona za taratibu hutaona kitu, ila kwenye kona ya kasi nyuma patakuwa pepesi na gari litageuka. Splita na bawa la nyuma viingie pamoja.

AluminiTupu

Naomba kuchomekea swali. Mimi nina Lotus Elise ya kwanza. Naweza kuchomelea mabano ya splita kwenye chasisi?

ChumaBaridi

Hapana, ndugu. Chasisi ya Elise ni alumini iliyogundishwa kwa epoksi. Joto la kuchomelea linaua gundi hata mbali na pale unapochomelea, na kwa macho hutaona kitu. Tumia matundu ya bolti yaliyopo.

MwendoMwepesi

Wakuu, dada BintiFundi, nashukuru sana. Mpangilio wangu sasa: mafuta ya breki na bushi, kisha mabati ya radieta, njia za hewa za breki na fremu ya alaimenti. Rolibaa nitanunua ya kufunga kwa bolti, yenye vipimo alivyotaja Helmeti45. Amu nimeziacha. Splita itasubiri bawa.

Swali la mwisho: miguu ya nyuma ya rolibaa inahitaji nitoboe bodi. Kuna cha kuangalia?

Helmeti45

Kipo. Tanki la petroli la MX-5 liko nyuma ya viti, chini ya kile kirafu, karibu kabisa na unapotaka kutoboa. Toa vifuniko, mulika, ujue tanki na mabomba yake yanapita wapi kabla ya kuweka alama. Funga kizuizi kwenye drili ili isizame zaidi ya unene wa bati. Betri ya gari hili iko kwenye buti, kwa hiyo chomoa waya wa hasi kabla hujawasha kifaa chochote huko. Na kama utalazimika kuchomelea lolote upande huo, tanki linatoka nje ya gari kwanza.